Kutoka Arbed hadi ArcelorMittal: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu kampuni ya chuma iliyoanzia Luxembourg, ikaungana na wenzake wa Ufaransa na Hispania, kisha mwaka 2006 ikachukuliwa na Mittal Steel baada ya vita vya miezi mitano. Wengi wanaijua sehemu ya mwisho tu, ile ya mabilioni ya yuro. Sehemu ya mwanzo ndiyo inayoeleza kwa nini mwisho ukawa vile, kwa hiyo majibu yanafuata miaka.

ArcelorMittal ni kampuni ya nchi gani hasa?

Makao makuu yako Luxembourg. Mwanahisa mkubwa ni familia ya Lakshmi Mittal, mzaliwa wa Rajasthan nchini India. Viwanda vimetapakaa Ulaya, Amerika na Afrika. Kwa hiyo kuiita ya Kihindi si sawa, na kuiita ya Kizungu pia si sawa. Shina lake ni Arbed, na Arbed ilikuwa ya Luxembourg.

Nchi ndogo kama Luxembourg ilipataje kampuni kubwa hivyo?

Kusini mwa nchi, kuanzia Differdange kupitia Esch-sur-Alzette hadi Dudelange, kuna mwamba mwekundu wenye madini ya chuma. Wenyeji wanauita minette. Ni madini hafifu: chuma ndani yake ni kama asilimia 30, na yamechanganyika na fosforasi nyingi. Fosforasi ikibaki kwenye chuma, chuma kinavunjika kwa urahisi, hasa wakati wa baridi. Kwa miaka mingi madini hayo yalitoa chuma cha kusubu cha bei ya chini, lakini hayakufaa kwa reli wala mihimili.

Aliyebadilisha mambo hakuwa mtu wa Luxembourg wala hakuwa mwenye kiwanda. Sidney Gilchrist Thomas alikuwa karani wa mahakama mjini London, akijisomea kemia usiku. Akishirikiana na binamu yake Percy Gilchrist, mkemia aliyekuwa kwenye kiwanda cha chuma huko Wales, aligundua kwamba ukipaka ndani ya chungu cha kuyeyushia tabaka la dolomaiti, aina ya mwamba wa chokaa, badala ya matofali ya kawaida, kisha ukaongeza chokaa na kupuliza hewa kutoka chini, fosforasi inaachana na chuma na kuhamia kwenye mavi ya chuma yanayoelea juu. Unamwaga mavi ya chuma, na chuma safi kinabaki. Njia hiyo ilithibitishwa mwaka 1879, na mwaka huohuo wenye viwanda wa Luxembourg walinunua haki ya kuitumia. Mavi ya chuma yenyewe, kwa kuwa yalijaa fosforasi, yalisagwa yakauzwa kwa wakulima kama mbolea.

Hapo pana jambo moja ambalo wanahistoria wa biashara hulipitia haraka mno. Serikali ya Luxembourg ilipogawa maeneo ya kuchimba, iliweka sharti kwamba madini yayeyushwe ndani ya nchi. Bila sharti hilo, mwamba ule ungepakiwa kwenye mabehewa kwenda Ujerumani na Ubelgiji, na Luxembourg ingebaki na mashimo. Nchi zetu zinazoendelea kubishana kuhusu kuuza madini ghafi zina mengi ya kujifunza hapo.

Arbed ilizaliwa lini na kwa nini?

Mwaka 1911, kwa kuunganisha kampuni tatu: ya Burbach iliyokuwa Saarbrücken upande wa Ujerumani, na mbili za Luxembourg, ya Eich na ya Dudelange. Herufi za jina zinatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya viwanda vya chuma vilivyoungana vya Burbach, Eich na Dudelange.

Sababu ilikuwa ukubwa. Wakati huo Luxembourg ilikuwa ndani ya umoja wa forodha wa Ujerumani, na washindani wake walikuwa matajiri wa bonde la Ruhr waliomiliki makaa ya mawe, matanuri na masoko kwa pamoja. Luxembourg ilikuwa na madini lakini haikuwa na makaa ya mawe hata kidogo. Kampuni tatu ndogo zikigombania makaa yaleyale zingeuana zenyewe.

Emile Mayrisch ni nani?

Ni injinia aliyeongoza kiwanda cha Dudelange, kisha Arbed. Vita vya Kwanza vilipokwisha, Luxembourg ilijitoa kwenye umoja wa forodha wa Ujerumani, na kampuni za Kijerumani zikalazimika kuuza mali zake huko. Arbed na washirika wake wakachukua kiwanda kikubwa cha Belval pale Esch, ambacho Wajerumani walikuwa wamekijenga miaka michache tu kabla ya vita. Mwaka 1921 Arbed ikaingia Brazili na kuanzisha kampuni ya chuma ya Belgo-Mineira. Yaani miaka kumi baada ya kuzaliwa, ilikuwa tayari inavuka bahari.

Mayrisch anakumbukwa zaidi kwa mkataba wa Septemba 1926, ambapo wazalishaji wa chuma wa Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji, Luxembourg na eneo la Saar (lenye mji wa Saarbrücken) waligawana viwango vya uzalishaji. Yeye alikuwa mwenyekiti. Ukiuangalia kwa macho ya leo, lilikuwa genge la kupanga soko, na mamlaka za ushindani zingeliadhibu. Lakini miaka minane baada ya vita vilivyoua mamilioni, kuwaketisha Wajerumani na Wafaransa meza moja kuzungumzia chuma, malighafi ya mizinga, halikuwa jambo dogo. Mayrisch alifariki kwa ajali ya gari nchini Ufaransa mwaka 1928.

Chuma kina uhusiano gani na Umoja wa Ulaya?

Uhusiano wa mzazi na mtoto. Tarehe 9 Mei 1950 Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa ambaye mwenyewe alizaliwa Luxembourg, alipendekeza makaa ya mawe na chuma vya Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja. Mkataba ulisainiwa Paris mwaka 1951 na nchi sita, na mamlaka hiyo ikaanza kazi katika jiji la Luxembourg mwaka 1952 chini ya Jean Monnet. Mwaka uliofuata Monnet alikwenda Esch kushuhudia chuma cha kwanza cha soko la pamoja kikitoka tanurini, akapigwa picha akiwa na kipande chake mikononi.

Mgogoro wa miaka ya 1970 uliifanyia nini Arbed?

Ulikaribia kuizika, na nchi nzima pamoja nayo.

Mwaka 1974 Luxembourg ilizalisha zaidi ya tani milioni 6 za chuma, kwa nchi yenye watu wasiofika 400,000. Karibu kila familia ya kusini ilikuwa na mtu kiwandani: wenyeji, wahamiaji wa Italia waliokuja vizazi viwili nyuma na kujaza mtaa mzima wa Dudelange, na Wareno waliofuata. Bei ya mafuta ikapanda, ujenzi ukasimama Ulaya nzima, Japani ikawa inauza chuma bora kwa bei ya chini, na mwaka 1975 uzalishaji ukaporomoka kwa zaidi ya robo.

Kilichofuata kinastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu hakikufanana na cha majirani. Uingereza na Ufaransa ziliona migomo mirefu na miji iliyokata tamaa. Luxembourg iliketisha serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi pamoja, utaratibu ambao mpaka leo unaitwa wa pande tatu. Wafanyakazi waliozidi hawakufukuzwa. Waliingizwa kwenye kitengo maalumu ndani ya kampuni na kupelekwa kufanya kazi za umma au kuazimwa kwa waajiri wengine, huku wakiendelea kulipwa. Wenye umri mkubwa walistaafu mapema kwa malipo. Wananchi walitozwa kodi ya mshikamano kugharimia mpango huo, na serikali ikaingia kama mwanahisa wa Arbed.

Haukuwa mpango wa bei nafuu, na wapo wachumi waliosema fedha zile zingefaa kwingine. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa watu wenye akili timamu. Kampuni ilipungua bila kuvunja mji, na ikapata muda wa kubadilisha teknolojia. Tanuri la mwisho la kuyeyusha madini, la Belval, lilizimwa mwaka 1997. Kuanzia hapo chuma cha Luxembourg kinatengenezwa kwa vyuma chakavu kwenye matanuri ya umeme.

Kwa hiyo bado wanatengeneza chuma huko?

Ndiyo. Differdange ndiko ilikoanza, mwaka 1901, mihimili yenye mabawa mapana kwa mtambo wa mhandisi Henry Grey, na mpaka leo kiwanda hicho hutoa mihimili mizito ya majengo marefu. Sehemu ya mihimili ya One World Trade Center, jengo lililosimama New York palipoanguka minara miwili, ilitoka hapo. Belval nayo imegeuka: matanuri mawili yamehifadhiwa yakiwa yamesimama, na kuzunguka pale ndipo ulipo Chuo Kikuu cha Luxembourg.

Arcelor iliundwaje?

Februari 2001 kampuni tatu zilitangaza kuungana: Arbed, Usinor ya Ufaransa na Aceralia ya Hispania. Tume ya Ulaya iliridhia Novemba mwaka huohuo kwa masharti, na Februari 2002 Arcelor ikaanza rasmi ikiwa kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa uzalishaji wa chuma.

Arbed na Aceralia zilikuwa zimeshashikana tangu 1997. Usinor ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote tatu. Iliwahi kutaifishwa, ikaunganishwa na Sacilor, ikabinafsishwa mwaka 1995 na kuimeza Cockerill-Sambre ya Ubelgiji mwaka 1998. Makao makuu yaliwekwa Luxembourg. Joseph Kinsch wa Arbed akawa mwenyekiti, na Guy Dollé wa Usinor akawa mkurugenzi mtendaji.

Hoja yao ilikuwa ya kueleweka. Kampuni za magari zilikuwa chache na kubwa, wachimbaji wa madini walikuwa wachache na wakubwa, na katikati walikuwa watengenezaji wa chuma wengi na wadogo wanaobanwa pande zote mbili. Ukiwa mkubwa unapata kauli kwenye bei.

Lakshmi Mittal alitoka wapi?

Alizaliwa 1950, akaanza na kiwanda kidogo Indonesia mwaka 1976. Kisha akawa ananunua viwanda ambavyo serikali zilishindwa kuviendesha: Trinidad, Mexico, halafu kile kikubwa cha Temirtau nchini Kazakhstan mwaka 1995. Alifuata Ulaya Mashariki na Afrika Kusini. Mwishoni mwa 2004 aliunganisha kampuni zake, jina likawa Mittal Steel, yenye makao Rotterdam, na mwaka 2005 ikaimeza International Steel Group ya Marekani. Kufikia 2005 ilikuwa imeipita Arcelor. Familia yake ilimiliki karibu asilimia 88.

Nini kilitokea tarehe 27 Januari 2006?

Mittal alitangaza hadharani dau la yuro bilioni 18.6 kuinunua Arcelor, bila ridhaa ya uongozi wake. Siku chache kabla, Arcelor yenyewe ilikuwa imeshinda mnada wa Dofasco, kampuni ya chuma ya Kanada, dhidi ya ThyssenKrupp ya Ujerumani, kwa hiyo watu wa Luxembourg walikuwa bado wanasherehekea.

Dau lilikuwa yuro 28.21 kwa hisa, asilimia 27 juu ya bei ya sokoni ya siku iliyotangulia. Robo tu ya malipo ilikuwa fedha taslimu. Iliyobaki ilikuwa hisa za Mittal Steel, na hapo ndipo Arcelor ilipopata pa kushambulia. Dollé aliwaambia waandishi kwamba Arcelor inatengeneza manukato na Mittal anatengeneza maji ya kolonya. Serikali ya Luxembourg chini ya Jean-Claude Juncker, iliyokuwa na kama asilimia 5.6 ya hisa, ilipinga. Waziri wa fedha wa Ufaransa, Thierry Breton, alipinga pia, ingawa Ufaransa haikuwa na hata hisa moja.

Arcelor ilijihami kwa kila njia. Iliahidi gawio kubwa zaidi. Iliiweka Dofasco chini ya taasisi ya Kiholanzi iliyoundwa kwa kazi hiyo tu, ili Mittal asiweze kuiuza kwa ThyssenKrupp kama alivyokuwa ameahidi. Ulinzi huo ulifanya kazi: Mittal alipata Arcelor lakini hakuweza kuiuza Dofasco, na mamlaka za ushindani za Marekani zikamlazimisha kuuza kiwanda cha Sparrows Point nchini humo badala yake.

Severstal iliingiaje?

Mei 2006 Arcelor ilitangaza kwamba itaungana na Severstal, kampuni ya chuma ya Urusi, na mmiliki wake Alexei Mordashov angepata karibu asilimia 32 ya kampuni mpya. Uongozi ulimwona kama mwokozi. Wanahisa waliona kingine: wanapewa bwana mpya bila yeye kuwalipa chochote cha ziada. Kilichowaudhi zaidi ni utaratibu. Bodi ilisema mpango utapita isipokuwa wanahisa wenye nusu ya hisa zote, si nusu ya waliohudhuria, waupinge. Katika kampuni ya kawaida hata kuwakusanya wenye nusu ya hisa ukumbini ni kazi.

Hilo ndilo lililoiangusha bodi, kuliko mbinu yoyote ya Mittal. Mifuko ya uwekezaji iliyokuwa imekaa kimya ilianza kuandika barua na kukusanya kura. Mittal akapandisha dau hadi yuro 40.37 kwa hisa, akaongeza sehemu ya fedha taslimu, akakubali kwamba kila hisa iwe na kura moja na kwamba familia yake ibaki na takriban asilimia 43 ya kampuni iliyounganishwa. Tarehe 25 Juni bodi ilikubali. Tarehe 30 Juni wanahisa wenye karibu asilimia 58 ya hisa zote walipiga kura kuikataa Severstal, ambayo ilifidiwa yuro milioni 140 ikaondoka.

Je, upinzani ule ulikuwa wa ubaguzi?

Baadhi ya kauli zilizotolewa Paris na Luxembourg zilikuwa za dharau, na waziri wa biashara wa India, Kamal Nath, alilalamika waziwazi. Dharau ilikuwepo. Lakini palikuwa pia na hofu yenye msingi: watu walikumbuka miaka ya 1970, wakajua waliokoka kwa sababu mwenye kampuni alikuwa jirani. Ajabu ni kwamba hofu hiyo haikuwa na nguvu ya kisheria. Hisa nyingi za Arcelor zilikuwa mikononi mwa mifuko isiyo na kwao. Serikali zilikuwa na sauti lakini hazikuwa na kura.

Na tofauti kati ya 28.21 na 40.37 ni zaidi ya asilimia 43 katika miezi mitano. Kupinga kuliwatajirisha wanahisa. Waliopinga kwa ajili ya kazi za watu hawakupata kitu cha namna hiyo.

Ahadi kwa wafanyakazi zilitimizwa?

Kwa miaka miwili, bei ya chuma ikiwa juu, hakuna aliyelalamika sana. Kisha ikaja 2008. Kiwanda cha kuyeyusha chuma cha Gandrange nchini Ufaransa, alichokuwa nacho Mittal tangu kabla ya muungano, kilifungwa licha ya Rais Sarkozy kwenda mwenyewe kuahidi msaada wa serikali. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba matanuri ya Liège nchini Ubelgiji hayatawashwa tena.

Florange, nchini Ufaransa, ndiyo iliyouma zaidi. Matanuri mawili yalizimwa 2011 kwa kile kilichoitwa muda. Februari 2012 François Hollande, akiwa mgombea urais, alipanda juu ya gari la chama cha wafanyakazi na kuwahutubia. Alishinda. Waziri wake Arnaud Montebourg akatishia kutaifisha kiwanda. Mwishoni mwa Novemba serikali ilikubali kitu kidogo zaidi: hakuna kufukuzwa kwa lazima kwa wafanyakazi 629, uwekezaji wa yuro milioni 180 kwa miaka mitano, na matanuri yabaki baridi.

Hata Dudelange, herufi ya mwisho ya jina Arbed, iliuzwa mwaka 2019 kwa kampuni ya Liberty, kwa sababu Tume ya Ulaya ilitaka ArcelorMittal ipunguze mali ili iruhusiwe kuchukua kiwanda cha Ilva nchini Italia.

Bado ni kubwa kuliko zote duniani?

Hapana. Baowu ya China iliipita mwaka 2020.

Je, ina viwanda Afrika?

Ndiyo, pamoja na machimbo, na shughuli zote mbili kubwa zinatokana na upande wa Mittal. Huko Afrika Kusini kampuni inamiliki iliyokuwa Iscor, kampuni ya dola iliyoundwa 1928, yenye kiwanda kikuu Vanderbijlpark. Januari 2025 ilitangaza kufunga shughuli zake za nondo na mihimili, hasa Newcastle, kisha ikaahirisha baada ya kupata fedha kutoka taasisi ya maendeleo ya serikali.

Liberia ni habari nyingine. Mwaka 2005 Mittal Steel ilisaini mkataba na serikali ya mpito ya kuchimba madini ya chuma kaskazini mwa nchi, ikiwa ni pamoja na reli kutoka Yekepa hadi bandari ya Buchanan. Mashirika ya kiraia yaliukosoa vikali kwa jinsi ulivyoipa kampuni mamlaka makubwa. Ellen Johnson Sirleaf alipoingia madarakani Januari 2006, alidai ujadiliwe upya, na kabla ya mwaka kwisha alipata masharti bora zaidi. Wakati uleule Mittal alikuwa akipigania Arcelor kule Luxembourg. Meli ya kwanza ya madini iliondoka Buchanan mwaka 2011, ikiwa imebeba madini ghafi.